Nilimwambia mdogo wangu "sahihi" kila jioni, na Kiingereza chenyewe sikielewi

Wakuu, salaam. Tuliokuwepo darasani siku ile ya wazazi ni mimi, mdogo wangu Mwanakombo, jirani yetu Mama Kadzo, bintiye Kadzo, na madam wao wa Kiingereza. Yeyote kati yao akiusoma uzi huu atajua sijatia chumvi.

Mimi ndiye dada mkubwa. Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikaanza kukaanga mahamri hapa mtaani Mjambere ili wadogo zangu wasome. Hapo sijatetereka hata siku moja.

Mwanakombo yuko Form Three. Madam alimtia kwenye kundi lake la Jumamosi, wanafunzi wachache anaowafundisha bure, kwa sharti kwamba wahifadhi yale maneno ya fasihi na sarufi. Simile, metaphor, irony, hyperbole, clause, na ndugu zao.

Mwanakombo akayaandika kwenye vipande vya boksi. Neno mbele, maana nyuma.

Sasa, sisi tumelelewa madrasa. Anayesoma kwa moyo haangalii msahafu. Anayemsikiliza ndiye anayeangalia, na mwenzake akikosea humrudisha. Mimi nilikuwa msikilizaji hodari, hata walionizidi umri walinijia.

Kwa hiyo Mwanakombo akanipa vile vipande. "Dada, nisikilize."

Herufi nazijua, na Kiingereza cha kumuuzia mgeni hamri ninacho. Lakini maelezo yale marefu, wallahi, yalinipita. Nikaona haya kusema.

Nikasikiliza kwa sikio tu. Akikwama, "Rudia." Akitiririka, "Sahihi!"

Wakuu, mtu hutiririka hata na kosa. Nilikuja kujua baadaye kwamba simile aliipa maana ya metaphor, nami nikasema sahihi. Irony akaipa ya hyperbole, sahihi. Akayahifadhi vivyo hivyo, maana dada yake kayapitisha.

Siku ya wazazi, madam akamuuliza mbele yetu. Mwanakombo akajibu bila kusita, kifua mbele. Kadzo akaziba mdomo kuzuia kicheko. Madam akarudia maswali, majibu yakawa yale yale.

"Wewe ulikuwa unasoma kweli?"

Mama Kadzo, ambaye nyumba yake na yetu zina ukuta mmoja, akadakia kwa mzaha wake. "Alaa! Si huyu Fatuma ndiye mwalimu wa nyumbani? Kila jioni twasikia ukutani, sahihi, sahihi! Hata mimi nalala nikijua mtoto kashapasi!"

Madam akanigeukia. "Ni wewe unayemsikiliza?"

Mwanakombo akanitazama, kisha akainamisha kichwa, akamjibu madam.

"La, madam. Ule ulikuwa mchezo wetu tu. Mimi sikusoma."

Nami nikanyamaza.

Kutojua si aibu kubwa. Aibu yangu ni kule kunyamaza.

Madam akasema hana nafasi ya mvivu. Kiti cha Jumamosi akapewa Kadzo.

Njiani nikamuuliza, "Mbona umejisingizia?"

"Mimi kuitwa mvivu, dada, kutapita. Lakini wewe! Kwa mdomo wa Mama Kadzo, mtaa wote ungejua kabla mahamri hayajapoa."

Akacheka. Mimi sikuweza.

Jumamosi iliyopita Kadzo alipita na begi lake, akatusalimu kwa adabu. Mwanakombo alikuwa ananikandia unga. Aliitikia bila kuinua macho.

Nilichojifunza ni hiki: ukiombwa kumsikiliza mtoto jambo usilolijua, sema hulijui siku ile ile ya kwanza, kukiwa bado kwepesi. Ukichelewa, mtoto ndiye atakayekubebea.

Mnaoyajua maneno haya, niwekeeni maana zake hapa kwa Kiswahili, nimsikilize nikiwa najua. Na kama yupo aliyewahi kumwendea mwalimu kumwambia ukweli wa namna hii, anieleze alianza na neno gani. Mimi nimefika hadi kwenye geti la shule, beseni la mahamri kichwani, nikasingizia kwamba wateja wananingoja, nikarudi.

Kile kiti ni cha Mwanakombo. Bado sijamrudishia.