Fundi wa Mchanga

Mwaka huu nilirudi Kalemie kumhamisha mama. Ziwa lilikuwa limepanda tena, na safari hii halikuishia mlangoni kama miaka iliyopita. Liliingia sebuleni likakaa. Nilimkuta amepandisha magodoro juu ya meza, amekunja kitenge mpaka magotini, anapanga sahani kwenye beseni huku maji yakimfika vifundoni. Tulifunga vitu asubuhi nzima. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Ule mwalimu wa jiografia, ulishaka kusikia habari yake?" Nikasema hapana. Akasema, "Sawa," akaendelea na sahani zake.

Acha nikueleze habari za mwalimu huyo. Alipanga chumba cha nyuma katika kiwanja chetu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa mrefu na mkimya, na shati lake la kufundishia alilifua mwenyewe kila Jumamosi, jambo lililomfanya mama amwonee huruma. Alikuwa ametoka Lubumbashi na begi moja la nguo na bahasha nene ya makaratasi ya fotokopi, ya Kifaransa, yaliyoshonwa kwa uzi. Zilikuwa kanuni za mchezo aliokuwa akiucheza na wenzake chuoni. Mchezo huo hauna ubao wala mpira. Mmoja anasimulia: mko mlangoni mwa pango, ndani kunanuka moshi, mnafanya nini? Wengine wanajibu, kila mmoja kwa niaba ya mtu wake aliyemtunga na kumwandika kwenye kaye, daftari la shule. Jambo likiwa gumu, unarusha dadu la pande ishirini, nalo ndilo linaloamua: namba kubwa ni kufaulu, ndogo ni kushindwa.

Tulicheza Jumapili mchana kwenye barza mbele ya nyumba, baada ya misa na baada ya kula. Nikikumbuka mchezo ule nakumbuka pia harufu ya samaki wa kukaanga, mikebuka, iliyobaki kwenye vidole, na mchi wa mama ukitwanga sombe, yale majani ya mihogo, nyuma ya nyumba. Wachezaji tulikuwa watatu: yaya, yaani dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa na miaka kumi na sita, binti wa jirani, na mimi. Binti wa jirani alikuwa mpiga upinde. Mimi nilibeba ngao. Yaya alikuwa na nguvu za miujiza. Kwenye makaratasi mtu wa aina hiyo alikuwa na jina la Kifaransa, lakini sisi tulimwita fundi, kwa sababu neno mulozi, yaani mchawi, mama hakutaka kulisikia nyumbani kwake, hata kwa mchezo. Fundi huyo yaya alimpa jina lake mwenyewe la ubatizo. Alipokutana na joka hakukimbia. Alilifokea kama wanawake wa bandarini wanavyowafokea wabeba mizigo, mpaka mwalimu akashindwa kuendelea kwa kucheka.

Kichwa kilianza kumuuma yaya karibu na Pasaka. Walimpa dawa za malaria, wakampa tena. Halafu akawa anaona vitu viwili viwili, akimimina chai nje ya kikombe. Papa, baba yetu, akaamua kumpeleka Lubumbashi kwa ndege, kwenye hospitali kubwa, na mama abaki nami.

Jumapili ya mwisho kabla ya safari, yaya alimuuliza mwalimu, "Nikienda, mutu wangu atakufa?"

Mwalimu alipekua makaratasi yake kwa muda mrefu. Akasema kuna njia moja. Fundi mwenye nguvu za kutosha anaweza kujitengenezea nakala kwa theluji, ibaki mahali pake. Nakala hiyo ina sura yake, sauti yake, na kumbukumbu zake zote mpaka siku ile. Ila nguvu zake ni nusu, haijui lolote jipya linalotokea baadaye, na ikiumia haiponi yenyewe. Ikiisha, inayeyuka.

Hakuna kati yetu aliyewahi kuona theluji. Yaya akasema atatumia mchanga wa ziwa, na mwalimu akakubali. Yaya alirusha dadu, likatoka kumi na saba. Akanisukumia kaye yake.

"Wewe njo utamuchezea," akaniambia. "Lakini usimuzoeze ujinga."

Waliondoka Jumanne. Katika wiki ya tatu papa alipiga simu, mama akiwa anaanika ndagala, wale samaki wadogo. Alisikiliza, akaweka simu kwenye mfuko wa blauzi, akamaliza kuanika ndagala zote. Walimzika huko huko. Papa alirudi peke yake na begi lake. Watu walikaa kwenye mikeka uani kwetu siku nyingi, mimi nikiwapitishia maji. Mama hakulia. Mimi pia sikulia, na nilisikia mama mmoja akisema, "Huyu mutoto ni mugumu." Sikuwa mgumu. Sikuwa na kitu chochote ndani, basi.

Mwalimu hakutaka tena kucheza. Binti wa jirani ndiye aliyemwomba. Tukaketi barza, nikafungua kaye mbili, yangu na ya yaya. Ilipofika zamu ya fundi, nikasema maneno ambayo yeye angesema, kwa ile sauti yake ya bandarini. Niliposimama kuvuta mkeka, mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mihogo.

"Ule ni nani anasema?" akauliza.

Mwalimu alianza kueleza kwa upole, theluji na mchanga na mengine yote. Mama aliketi. Akanitazama mimi.

"Muulize kama kichwa kingali kinamuuma."

Nilimtazama mwalimu, alikuwa ameinamisha uso. Nikasema, "Kinauma kidogo, mama. Niko muzuri."

"Umekula?"

"Nimekula."

Tangu siku hiyo mama alipika mapema kila Jumapili ili asikose. Alimletea fundi habari: mama mdogo amejifungua, paa la kanisa limetengenezwa. Jumapili iliyofuata alipomuuliza fundi habari hizo nilisema sijui, kwa sababu kanuni ni kanuni, nakala haijui jipya. Naye mama alimsimulia upya, bila kuchoka. Katikati ya wiki alianza kunisuka kwa mtindo wa yaya na kunivalisha blauzi zake, ingawa mabega yalinining'inia. Papa akawa anakwenda bandarini kila mchezo unapoanza. Siku moja tu alisema, "Mama, wacha mutoto." Mama akamjibu, "Yeye mwenyewe njo anapenda." Nikafunga vifungo vya blauzi.

Sijui ni Jumapili ya ngapi tulipofika kwenye daraja la kamba. Mwalimu akauliza nani anatangulia.

"Fundi," nikasema.

"Mwenye ngao ni wewe," akanikumbusha. "Yeye ana nusu ya nguvu."

"Fundi anatangulia."

Nikarusha dadu. Likatoka mbili. Mwalimu alilitazama, akanitazama mimi, akamtazama mama. Akasema polepole, "Naweza kusema kamba zilishika."

"Hapana, mwalimu. Ulisema dadu njo linaamua."

Basi akasimulia: kamba zikakatika, fundi akageuka mchanga kabla ya kufika chini, na mto ukauchukua. Binti wa jirani alifunika mdomo kwa mkono. Mama alisogea mbele kidogo kwenye kiti.

"Anasema nini?"

"Hasemi tena, mama. Ameisha."

"Alisikia uchungu?"

"Hapana. Alikuwa muchanga."

 Mama akainuka, akafunika sufuria, akaingia chumbani, na tukamsikia akilia, kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Mwalimu alikusanya makaratasi yake. Mimi niliosha vyombo. Asubuhi yake mama aliniketisha kati ya magoti yake, akaifumua misuko yote, akanichana nywele, akaniita kwa jina langu nikachote maji.

Mwisho wa mwaka wa shule mwalimu alihamishiwa upande wa Moba. Binti wa jirani aliolewa Kigoma. Papa amekwisha kufariki. Barza sasa iko chini ya maji, na samaki wadogo wanapita pale tulipokuwa tukiketi.

Katika nyumba mpya, kule juu ambako maji hayafiki, mama huwasimulia wageni mambo aliyokuwa akiyasema yaya. Mengine ni ya yaya kweli. Mengine niliyasema mimi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na kaye mapajani. Simsahihishi. Nami nimejaribu mara nyingi, nikiwa peke yangu, kuikumbuka sauti yake, ile yenyewe, ya kabla ya Pasaka. Inakuja upesi sana, kila neno mahali pake. Ni sauti yangu.