Mlio wa Nne

Kuna watu kama arobaini hapa Johannesburg ambao niliwageuzia makalio mchana kweupe, kwa hiari yangu mwenyewe, katika ukumbi wa watu wa heshima kule Newtown, na kabla hamjaanza kunifikiria vibaya naomba ieleweke kwamba nilikuwa nimevaa suruali. Suruali ndiyo ilikuwa tatizo, tena niliishona mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, chumba changu cha kazi kiko Jeppestown, na wanaonijua wanajua sipendi kutoka (mke wangu husema cherehani ingejua kupika yeye asingeolewa). Sasa akaja mzungu mmoja mzee, Oom Hennie. Oom ni mjomba kwa Kiafrikana, na ukiliacha hilo neno anakutazama kama umeingia na viatu juu ya mkeka. Oom anakusanya bastola za zamani za silinda, zile ambazo risasi sita hukaa kwenye kigurudumu kinachozunguka, na alitaka nimshonee visanduku kumi na vinne vyenye mahameli ndani, kila bastola ilale kwenye shimo lake kama mtoto kitandani. Kwa kuwa kibali ni chake na bastola hazitoki mikononi mwake, ilibidi niende kushonea kwake, mezani pa chakula, na yeye akae mbele yangu. Alikuwa na sheria moja: mgeni akiwepo, bastola ambayo haiko mkononi mwake inatolewa silinda na silinda kuwekwa kando, maana bastola isiyo na silinda ni chuma cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Wiki tatu nilifundishwa mambo ambayo sikuyaomba. Kwamba anayeing'arisha bastola ya zamani ameiua, watu wanaipenda na kutu yake na mikwaruzo yake. Kwamba kila kipande kimegongwa namba, na namba zikiwa tofauti basi wakusanyaji wanakunja uso. Kwamba enzi hizo kila silinda ilipigwa tupa kwa mkono mpaka ikubaliane na mwili wake, na mwili wa bastola nyingine haiuwezi. Na kwamba ukivuta nyundo yake nyuma taratibu inalia mara nne, tak, tak, tak, tak, na huo mlio wa nne Oom alikuwa anausikiliza amefumba macho. "Wa nne ndio unaokuambia kila kitu kimekaa mahali pake," alisema. Mimi nilikuwa najibu "Ja, Oom", ndiyo mjomba, huku nahesabu mishono.

Kulikuwa na mbili pacha, zimefuatana namba, na hizo ndizo angezionyesha siku ya maonyesho ya chama chake cha wakusanyaji, kule Newtown. Ili zisichanganyike, Oom alichukua chaki zangu za kukatia nguo akaitia moja alama ya njano, mwilini na kwenye silinda yake, na nyingine ya bluu.

Siku yenyewe tulipelekwa na binti yake, Annelie. Njia nzima alikuwa anamwambia baba yake kwa upole ule unaochoma kwamba siku hizi anasahau, wiki iliyopita aliacha maji yanachemka, na mtu anayesahau si wa kukaa na bastola nyumbani, azikabidhi kwa chama chake. Wakakubaliana hivi: leo ikienda salama, Annelie hatalisema tena neno hilo.

Chumba cha nyuma cha ukumbi, Oom alikuwa humo humo, amenipa mgongo, Annelie anamfunga tai na kumwongezea maneno. Mimi napanga visanduku. Naona vumbi la chaki linadondokea mahameli yangu ya rangi ya zambarau. Jamani, fundi hatoi kazi yenye chaki. Hata ukiniamsha usingizini nitaifuta kwanza. Nikafuta miili yote miwili, nikafuta silinda zote mbili zilizokuwa zimetolewa, nikajipangusa mikono pale ninapojipangusa miaka yote (mke wangu, Mama Rehema, ameshalilia hilo mpaka amechoka), halafu nikabaki nimeshika silinda mbili safi, zinazofanana kama mayai.

Ningeuliza. Lakini wao walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini, na mimi kuingilia maneno ya nyumba ya watu siwezi. Nilishamwona Oom akizirudisha mara thelathini: sukuma, chomeka pini. Nikasukuma, nikachomeka, zote zikaingia, nikajipongeza. Oom alipogeuka akazikuta zimefungwa vizuri. Akasita kidogo, akafunga vifuniko.

Nikaenda kusimama mlangoni kwa Papa Glody, mlinzi wa ukumbi, Mkongomani wa Lubumbashi ambaye nguo zake za kazi nazipunguza mimi.

"Fundi, leo umetoka ku nyumba? Basi mvula itanyesha."

"Tazama kazi yako."

Oom akasimama mbele, akanyanyua pacha wa kwanza. "Nyamazeni, mhesabu nami minne." Ukumbi ukatulia. Tak. Tak. Tak. Tukangoja. Akarudia. Tak, tak, tak, na nyundo ikagoma pale pale.

"Fundi," Papa Glody akaninong'oneza, "ile kitu iko nalia mara tatu tu."

Akachukua ya pili. Hiyo ililia yote minne, lakini silinda ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Oom akatoa kioo chake cha kukuzia, akasoma namba za mwili, akasoma za silinda, akarudia kusoma. "Nimezichanganya," alisema, wala hakuwa anawaambia watu. "Na sikumbuki hata kuzifunga."

Annelie akamwekea mkono begani. "Pa, si kitu. Tutaongea nyumbani."

Mlango ulikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Niliupima kwa macho, siwadanganyi. Kisha nikanyoosha mkono juu kama niko kidato cha pili.

"Oom, si wewe. Ni mimi niliyezifunga. Nilifuta chaki."

Annelie akanitabasamia kwa huzuni. "Wewe ni mtu mwema sana. Lakini usimkingie kifua." Na kibaya zaidi, Oom naye alinitazama hivyo hivyo, kama mtu anayepewa sadaka.

"Nilifuta kweli, dada."

"Kwa kitambaa gani?"

Kitambaa sikuwa nacho. Hapo Papa Glody, ambaye nilikuwa nimempa mgongo muda wote huo, akapaza sauti kwa Kiingereza chake: "Madam, chaki iko kwa suruali yake. Nyuma. Njano na bluu."

Nikageuka.

Suruali nyeusi, ya sherehe. Kiganja cha kulia cha njano, cha kushoto cha bluu, vidole vyote kumi vinahesabika. Wa kwanza kucheka alikuwa Oom, halafu ukumbi mzima. Annelie alikuja kuangalia kwa karibu (karibu kuliko nilivyopenda), akamgeukia baba yake, na lile bega hakulishika tena.

Oom alizibadilisha silinda mbele ya watu wote, mikono imetulia tuli. Tak, tak, tak, na wa nne. Sijawahi kupenda sauti ya chuma namna ile.

"Wewe ni fundi," aliniambia baadaye. "Mkono wa koti hili unaushona kwenye koti lile?"

"Hapana, Oom."

"Eish," akaguna, basi.

Visanduku vilivyobaki nilivimalizia, lakini kila nikifika kwake chaki zangu zinabaki mlangoni, na silinda anazifunga uzi wa rangi kwa mkono wake. Annelie siku hizi ananiletea chai, na lile neno la kukabidhi sijalisikia tena. Mimi nimeapa alama ambayo sikuiweka mwenyewe siifuti, hata ikiwa usoni mwa mtu. Ila Papa Glody hajaapa lolote. Akileta suruali ya kupunguza anasimama mlangoni kwangu, anapiga ulimi tak, tak, tak, ananyamaza, na haondoki mpaka nimpigie wa nne.