Nilivyokuwa Bass wa Abu Hamour

Mdosi wangu wa Doha alikuwa na ugonjwa mmoja tu: uvuvi. Mimi nilikuwa dereva wake mtaa wa Abu Hamour, miaka ile mji mpya wa Lusail bado ni vumbi na kreni. Mkataba ulisema likizo kila baada ya miaka miwili, lakini yangu ilishasukumwa hadi mwaka wa tatu, na nyumbani Naivasha nilikuwa na binti ambaye sijawahi kumtia machoni. Nilimwacha tumboni. Siku mdosi aliposoma kwenye intaneti kwamba Ziwa Naivasha lina bass, wale samaki walioletwa enzi za mkoloni, alinijia gereji mbio, viatu mkononi.

"Kumbe ni kwenu! Tutaenda pamoja. Utaniongoza."

Haki ya Mungu, nusura nimkumbatie. Nikamwambia ukweli: mimi na mama tulikuwa wakata maua ya waridi shambani, samaki tuliwajua kwenye sufuria.

"Uliwala?"

"Niliwala."

"Basi unawajua."

Lakini tiketi hazikatwi, akasema, mpaka chambo kikamilike. Chambo chenyewe alikuwa nacho: waya uliopindwa, ndoano, nyuzi za mpira, na visahani viwili vya kung'aa vinavyozunguka kikivutwa majini. Kilichokosekana ni mkia, kipande cha plastiki laini cha kuchomeka kwenye ndoano kichezecheze nyuma. Tukaenda duka moja la Al Sadd. Jameni, mikia! Ya kujikunja, ya pacha, ya umbo la kasia, myeupe, ya kijani cha kuumiza macho. Mimi ningechukua wowote tuwahi uwanja wa ndege. Yeye akabeba yote.

Ijumaa, baada ya swala, akaniita kwenye bwawa la kuogelea la nyumbani kwake, akanipa miwani ya majini.

"Ingia. Kaa chini ya maji. Wewe ni bass. Niambie ungekula upi."

Ningefanyaje? Mtoto yuko Naivasha. Nikashika ngazi, nikazama, chambo kikapita mbele ya pua yangu kinatetemeka. Nikaibuka natema klorini.

"Vipi?"

"Mzuri, bosi. Ningekula."

"Wacha uongo. Mkubwa mno huo, visahani havizunguki sawasawa. Bass angecheka."

Dada mpishi, Mzanzibari, alikuwa dirishani na mwiko mkononi. "Makubwa haya! Kaka, ukinaswa leo nikukaange au nikutie nazi?"

"Niombee dua, dada, acha mzaha."

Ijumaa zikapita hivyo. Nikajifunza kwa hasira. Mkia wa kasia hupiga maji kwa nguvu, unafaa ziwa likiwa na tope. Wa pacha hufanya chambo kizame polepole. Mwembamba ulionyooka hauingilii kazi ya visahani. Nikaanza hata kubishana naye, na siku moja nilitoka majini nikifoka, "Huo mweupe mwembamba! Maji yakichafuka tia wa kijani! Ukiniletea mwingine nakung'ata!"

Akanitazama kwa heshima. "Huyo sasa ndiye bass," akasema. Jioni ile ile akakata tiketi.

Moja.

Shule zilikuwa zimefunguliwa, nani angewapeleka watoto wake? Alishangaa kwamba nimeshangaa. "Umeshanifundisha kila kitu," akaniambia. Niliumia, sitaficha. Nikampa begi la nguo za mtoto na namba ya mke wangu, kisha nikampeleka uwanja wa ndege.

Alirudi baada ya wiki, pua imebabuka kwa jua. Akaja jikoni kunionyesha picha kwenye simu. Samaki, samaki, samaki, wote kwa mkia mwembamba mweupe. Halafu gati la mbao, mke wangu, na mtoto mwenye gauni la njano amening'inia shingoni mwa mdosi.

"Alinikimbilia!" akasema, anacheka. "Ameambiwa baba yake yuko Qatar, na mimi nimetoka Qatar. Akaniita baba! Nilimbeba mpaka kwenye gari, akakataa kushuka."

Dada mpishi akazima jiko. Mimi nikajisikia nacheka, sijui kicheko kilitoka wapi.

"Ni mzito?" nikauliza.

"Yule mkubwa? Kilo mbili na..."

"Mtoto, bosi."

Akaacha kucheka. Akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, akaishikilia hewani, anajaribu kukumbuka.