Mkalimani wa Pasta Mpya

Pasta wetu wa zamani alipostaafu na kurudi kwao Kambove, kanisa letu la Katuba lilipewa pasta kijana kutoka Kinshasa. Alikuwa mtu mwema, mwenye suti mbili na mipango mingi. Shida yake ilikuwa moja: hakujua Kiswahili. Alihubiri Kifaransa, na mimi, mama mwalimu kama wanavyoniita, kwa kuwa nilikuwa nimefundisha Kifaransa sekondari mpaka mvi zikanitoka, nikapewa kazi ya kusimama kando yake na kutafsiri.

Niseme ukweli, kazi hiyo ilinipendeza kupita kiasi. Ukisimama pale mbele, watu hawamwangalii yule wasiyemwelewa, wanakuangalia wewe. Jumapili ya kwanza nilitafsiri neno kwa neno. Ya pili nikaanza kurekebisha. Pasta alisema ibada zetu ni ndefu mno. Mimi nikasema anashangaa jinsi tunavyopenda kukaa nyumbani mwa Mungu. Alisema wengine wetu tunakuja kuonyeshana vikwembe, vitenge vyetu vya Jumapili; nikasema Pasta amependa vikwembe vyetu. Wamama wakatabasamu. Naye akatabasamu, akidhani wametubu.

Vijana waliosoma walielewa pande zote mbili. Walicheka kwenye mabenchi ya nyuma, lakini hakuna aliyenishtaki. Nadhani walifurahia kupata mahubiri mawili kwa Jumapili moja.

Kisha ikaja habari ya kwaya. Kwaya ya wamama iliongozwa na mjane mmoja aliyenizidi miaka kama kumi, mwanamke wa maneno machache, ambaye aliimba kanisani humo tangu kuta hazijapakwa rangi. Jumapili hiyo Pasta alitangaza kwamba wamama wamefanya kazi ya kutosha na sasa wapumzike. Kuanzia mwezi ujao vijana ndio wataongoza nyimbo, kwa gitaa na ngoma za kisasa.

Nilimtazama yule mjane. Alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono juu ya magoti, akinisubiri. Ulimi ukanigeukia wenyewe.

"Pasta anasema bamama balitumika kazi muzuri sana," nikasema. "Anaomba bijana bakuje kujifunza kwenu."

Mjane akasimama wa kwanza na kupiga vigelegele. Wenzake wakafuata. Pasta alishika kitambaa akafuta macho. Hakuwahi kuona, aliniambia baadaye, watu wanaoachia madaraka kwa unyenyekevu wa namna ile. Wiki zilizofuata aliwasifu kila ibada, na mimi nikazitafsiri sifa hizo kwa uaminifu kabisa, kwa sababu hazikuhitaji kurekebishwa. Lakini nyumbani sikulala vizuri. Mwezi ulikuwa unaisha.

Jumapili yenyewe ilipofika, kwaya mbili zilisimama kwa wakati mmoja. Vijana na gitaa lao upande wa kushoto, wamama na kayamba zao upande wa kulia. Hakuna aliyeketi. Pasta akaniambia kwa Kifaransa, "Muulize mama kwa nini amesimama."

Nikamwangalia mjane. "Mama, Pasta anauliza, leo mutaanza na lwimbo gani?"

"Mwambie tutaanza na ule wa shukrani," mjane akajibu, bila kupepesa macho.

Nikamgeukia Pasta na kumweleza kwa Kifaransa kwamba mama amesimama ili kuwatia moyo vijana. Hapo mjane akakohoa kidogo. Kisha akasema, kwa Kifaransa kilichonyooka kuliko changu, "Samahani, Baba Pasta. Sikusema hivyo. Na wewe hukuuliza hivyo."

Kanisa zima likamgeukia. Mjane akaendelea, taratibu kama anayesoma barua. Alieleza kwamba kabla ya kuolewa alipiga mashine ya kuandika miaka mingi katika ofisi moja ya mgodi, ambako mabosi wote walisema Kifaransa. Tangu siku ya kwanza alisikia kila kitu: habari ya ibada ndefu, habari ya vikwembe, na habari ya wamama kupumzika.

"Mbona ulipiga vigelegele?" Pasta akauliza.

"Nilipenda ile tafsiri kuliko mahubiri," akasema.

Vijana wa nyuma walishindwa kujizuia. Mimi nilitafuta mahali pa kuweka macho yangu, nikachagua viatu vya Pasta. Viatu hivyo vikageukia kushoto, kisha kulia. Mwishowe Pasta akaziambia kwaya zote mbili ziimbe pamoja. Waliimba vibaya sana, kila upande ukivuta mwendo wake.

Jumatano aliniita ofisini. Nilikwenda nimejiandaa kuachishwa kazi. "Nimesifu unyenyekevu usiokuwepo," akasema, "mwezi mzima, mbele ya Mungu." Nikaomba msamaha, na safari hii nilikuwa namaanisha, maana uso wake ulikuwa wa mtu aliyeaibishwa mbele ya watoto wake. Akanisamehe, lakini akataka niungame mbele ya kanisa. Nitasema kwa Kifaransa, akaniambia. Yeye ndiye atakayetafsiri. Nikakubali upesi, nikidhani Kiswahili chake hakivuki salamu.

Sikujua kwamba tangu alipofika alikuwa akijifunza Kiswahili kidogo kidogo kwa mama anayeuza mikate karibu na kwake. Jumapili nikasimama, nikasema kwa Kifaransa kwamba nilikosa mara chache, kwa nia njema, na ninaomba radhi.

Pasta akainua kichwa. "Mama mwalimu anasema alidanganya kila Jumapili," akatafsiri. "Anasema roho yake iko na majivuno mingi. Na anasema atafagia kanisa mwezi muzima, yeye peke yake."

Vigelegele vya siku hiyo vilikuwa vikubwa kuliko vile vya kwanza. Sikuweza kupinga, ningepinga kwa lugha gani?

Wamama walibaki na Jumapili mbili za kila mwezi, vijana wakapata zilizobaki, na yule mjane akaingizwa kwenye baraza la wazee. Mimi nilifagia. Jumamosi ya pili mjane alipita kuangalia kazi, akazunguka kati ya mabenchi, akanionyesha kwa kidole pembe moja niliyoiruka.

"Pale mama, iko vumbi," akasema, akaketi benchi la mbele kunisubiri nimalize.