Joka Lililokuja Bure

Hebu mwone Radojka anavyowasili. Yuko juu ya trela la trekta la shemeji yake, kilemba kimemlegea, amekumbatia mashine ya kufulia kama mtu aliyemwopoa mwanawe mtoni. Kila mara trekta likiingia shimoni, mashine inaruka, naye anaruka nayo. Sisi majirani tumetoka malangoni kutazama, maana asubuhi alituaga kwamba anakwenda kituo cha basi kuchukua pakiti ya rangi isiyojaza kiganja.

Ngoja nikueleze taratibu, maana nikienda haraka hutaniamini.

Radojka alikuwa mpishi wa shule hapa kijijini kwetu Donje Vrelo mpaka alipostaafu. Kuchora alijifunza mwenyewe, kwanza juu ya mayai ya Pasaka, kisha juu ya mbao. Kwa hiyo unyevu ulipoila ile picha ya Mtakatifu Georgi kanisani, akiwa juu ya farasi analichoma joka kwa mkuki, Kasisi Vidoje alimkabidhi yeye airekebishe. Farasi akamponya, mkuki akaunyoosha. Joka ndilo lililomshinda. Lilikuwa limebaki ncha ya mkia tu, yenye kijani cha zamani, na kila kijani alichochanganya kiligoma kufanana nacho. Alipopaka cha mwisho, kasisi aliinamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Mama Radojka," akasema, "hilo ni tango."

Radojka akalifuta. Basi mtakatifu akabaki juu ya farasi wake, uso mkali, anachoma hewa. Watu wakaanza kuulizana kama mishikaki imeiva. Na sikukuu yake ilikuwa inakaribia, na askofu alishatuma salamu kwamba mwaka huu atakula mwanakondoo nasi. Radojka aliniambia kitu kimoja tu kinamnyima raha: hataki kuzikwa kama yule mwanamke aliyempokonya Georgi joka lake.

Kijani chenyewe kilipatikana, kwenye duka la mtandaoni huko Ujerumani. Unga wa rangi, pakiti ndogo, bei ya kuvumilika. Ila alipoandika jina la nchi yetu, gharama ya usafirishaji ikachomoza chini, nayo ilikuwa imeipita rangi yenyewe mara nyingi. Radojka akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alitaka kujua kama hiyo rangi inakuja imekaa kiti cha dirishani na kupewa chakula.

Miloje, ndugu wa marehemu mumewe, alicheka mpaka akakohoa. "Shemeji, unataka kulipa posta wakati tuna watu kulekule? Humo ndani ya Ujerumani wanapeleka bure. Iende kwa Snežana, Snežana ampe dereva wa basi, dereva atuletee. Bure kabisa."

Neno hilo bure, msomaji wangu, liweke mfukoni.

Snežana ni binti wa mjomba wake Radojka, anaishi Ulm, hukohuko Ujerumani, na walikuwa hawajaonana tangu harusi ya Radojka. Mtu wa hivyo humwombi kitu mikono mitupu. Likatoka darini paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, na mitungi ya pilipili hoho za kusaga. Dragiša, dereva wa basi la kwenda Ujerumani, hatozi hela kwa vitu vya watu wa kwao. Ukimtajia hela ananuna. Chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda, hanuni. Jibini hanuni. Snežana naye alipolipokea lile paja aliona haya kurudisha kipakiti cha unga peke yake, akaongeza kahawa, chokoleti, na mashine yake ya kufulia ya zamani, ambayo bado ilikuwa nzima. Kwa mashine, Dragiša alistahili chupa nyingine. Kisha trekta, kisha wanaume wa kubeba, kisha chakula cha wanaume wa kubeba.

Ndipo ulipomwona anaingia kijijini.

Tukafungua mizigo. Kahawa ipo. Chokoleti ipo. Rangi haipo. Ndani ya mashine mlikuwa na soksi moja tu, imefungwa fundo. Dragiša akapigiwa simu, lakini alishakuwa mbali na abiria wake walikuwa wanaimba. Sikukuu ilikuwa kesho yake. Radojka aliketi. Halafu, kwa kuwa yeye hulia kwa kufanya kazi, akachukua kitambaa kikubwa cheupe cha meza ya askofu akakitia kwenye mashine. Soksi aliiacha humohumo. Aliona si adabu kumrudishia binamu soksi chafu.

Mashine ikiwa inazunguka, Snežana akapiga simu.

"Dada, umeipata? Niliifunga ndani ya soksi isije ikapotea."

Radojka akageuka. Kwenye kioo cha mviringo cha mashine kulikuwa na bustani nzima ya kijani inabiringika.

Nilidhani atazirai. Alikitoa kitambaa, akakikamua, akaenda nacho kanisani kingali kinadondosha maji, nami nyuma yake. Akakishikiza kwenye ncha ya mkia. Usingeona mkia unaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi. Basi akachukua mkasi, akakata joka, akaligundisha kwenye ubao, akalichorea jicho na meno.

Kesho yake askofu aliitazama picha kwa muda mrefu, akauliza ni kazi ya bingwa gani.

"Bingwa wa kufua, Baba Askofu," Miloje akajibu.

Kitambaa kilichobaki tulikitandika mezani, kijani, na tundu la umbo la joka katikati. Sahani ya mwanakondoo tuliiweka palepale penye tundu.

Snežana ameshatangaza kwamba wakati wa kiangazi anakuja na familia yote, na kwamba anayo pia mashine ya kukaushia. Juzi lile duka likamwandikia Radojka swali moja: je, usafirishaji wako ulikuwa bure? Ndiyo au hapana. Miloje anasema jibu liko wazi. Radojka anakubali kwamba ulikuwa bure, ila hana uhakika kama duka na yeye wanasema bure ileile. Simu ameiacha juu ya mashine, hajabonyeza kitu. Wewe ungebonyeza wapi?