Nusu ya Ufunguo wa Kiwanjani

Mdogo wangu Idarus alikuwa fundi wa redio na televisheni hapa Kisauni, na laiti angelibaki na redio zake, leo nisingekuwa na haya ya kusimulia. Mwaka wa 1984 injinia mmoja wa meli alipokuwa akirudi kwao alimpa zawadi ya kompyuta ndogo, ya aina ile iliyochomekwa nyuma ya televisheni, na programu zake zikakaa kwenye kaseti za kawaida. Ukiipiga kaseti ile kwenye redio ilitoa kelele za kukwaruza, sauti baada ya sauti. Mama yetu, Mungu amrehemu, alipoisikia mara ya kwanza alichoma ubani nyumba nzima.

Idarus alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kilichokuja na mashine. Alichukua mwaka mzima kutengeneza mchezo wa bao. Siku ulipokamilika alicheza nao, ukamfunga, akaja mbio jikoni kunieleza huku machozi yanamtoka kwa kicheko. "Dada Tima, nimefungwa na niliyemzaa!" Nikamwambia aoe, atafungwa na wengi zaidi.

Hakuoa. Nyuma ya gazeti moja la ng'ambo alikuta anwani za watu wenye wazimu kama wake, akaanza kuwapelekea kaseti kwa posta. Kufikia 1987 walikuwa watu kumi na mmoja: daktari wa Tanga, mwuguzi wa Kisumu aitwaye Philister, padri wa India, bibi mstaafu wa Ufini, na wengine nisiowakumbuka. Hakuna hata mmoja aliyeuza mchezo wake. Walitengeneza, wakapelekeana, wakasifiana. Idarus alipiga chapa ukurasa mmoja kila mwezi, akautolea nakala na kuutuma kwa wote. Aliuita Kiwanjani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na najua mtu akianzisha chama huanza kutunga sheria. Sheria ya Idarus ilikuwa hii: hakuna mchezo uliotangazwa kabla yeye mwenyewe hajaucheza hadi mwisho. Na mwisho wa kila mchezo mtungaji aliweka neno lake, salamu au mzaha, ambalo ni haki ya yule tu aliyefika mwisho. Kuufungua mchezo na kuchungulia maandishi ya ndani ilikuwa haramu. Yule daktari wa Tanga alikamatwa akichungulia mwaka wa 1991, na Idarus akamtoa chamani bila kupepesa jicho, ingawa alikuwa rafiki yake wa miaka minne. Nilimwambia amekuwa kadhi wa vitu vya kuchezea. Alinuna siku mbili.

Mutua alikuja kwetu 1989 na mashine iliyokufa mikononi. Alikuwa karani bandarini, mzaliwa wa Ukambani, akiishi Likoni. Mashine ilifufuka, na tangu siku hiyo hawakuachana. Kila Jumamosi alivuka kivuko, akaja mpaka Kisauni, akaniamkia shikamoo kwa adabu kuliko wapwa zangu, kisha wakajifungia na michezo yao. Nilimpenda. Alikuwa akila biriani yangu kimya kimya mpaka punje ya mwisho, halafu anauliza kama kuna ukoko.

Mwaka wa 1996 pakafunguliwa mjini duka la barua pepe, na wawili hawa wakakihamishia Kiwanjani kwenye mtandao. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa ikigawa nafasi bure. Wanachama wakawa mia na zaidi, michezo sitini na mitatu, na wengi wa wageni wale hawakuwa na anwani nyingine ila zile walizoziandika ndani ya Kiwanjani, upande wa nyuma ambao wenye mahali pale tu, Idarus na Mutua, waliweza kuuona.

Sasa sikiliza ujinga wao. Mtaani kwetu pana stoo ya masufuria makubwa ya shughuli, ya arusi na ya matanga. Ina kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwetu, wa pili kwa kina Mwanasaumu, nyumba ya nne. Bila nyumba zote mbili hakuna pilau, na desturi hiyo imetuepusha na ugomvi tangu enzi za babu. Idarus akaona hekima hiyo inafaa mtandaoni. Neno la siri la Kiwanjani lilikuwa na herufi nane. Nne alizijua yeye, nne alizijua Mutua, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila Jumamosi, pale dukani, Idarus aliandika zake, akageuka akatazama ukutani, Mutua akamalizia. Walijisifu sana kwa hilo. Lakini stoo ikikwama unaweza kuivunja kwa nyundo. Kiwanjani hakikuwa na nyundo.

Jumamosi ya tarehe tisa Agosti, 1997, waliandika hivyo kwa mara ya mwisho. Mutua alimpa Idarus disketi yenye mchezo mpya, Kivuko. Nilikuwepo walipoagana mlangoni kwetu. Alisema, "Ucheze wiki hii, Idarus, usikawie. Mwisho nimekuwekea neno lako." Idarus aliucheza jioni moja. Ulikuwa mchezo wa kuvusha watu arobaini kwa kivuko kabla saa haijafika sufuri. Saa ilimshinda, akasema mchezo hauwezekani, ana kasoro za kumwonyesha Mutua Jumamosi ijayo. Akauweka kando.

Jumatano usiku Likoni iliwaka moto. Watu wa bara walivamiwa, nyumba zikachomwa, wengine wakauawa. Alhamisi asubuhi Idarus alivaa viatu. Mimi nikafunga mlango kwa ufunguo, nikautia kifuani.

"Wenda wapi?"

"Kwa Mutua."

"Wenda kuwaambia nini wenye mapanga? Wataka nije niuchukue mwili wako kivukoni? Mutua ana akili, atakuwa ameshaondoka."

Alinitazama, akavua viatu. Sikuona haya wakati ule. Niliona nimemwokoa ndugu yangu.

Wiki zikapita. Idarus alingoja simu pale kwenye duka la barua pepe, maana ndiyo namba pekee aliyokuwa nayo Mutua. Mwanzoni mwa Septemba ndipo alipovuka. Nyumba ya Mutua ilikuwa kuta nne nyeusi, na disketi zote za akiba za Kiwanjani ziliungulia mle. Kanisani walikokimbilia watu aliambiwa kwamba wengi wameshapanda mabasi ya kwao. Ofisini kwa Mutua jina lake lilikuwa limekatwa. Alirudi jioni hiyo, akala, akalala, na hakwenda tena.

Kisha ikaja barua ya ile kampuni ya ng'ambo. Mahali pasipofunguliwa na mwenyewe kwa siku tisini hufutwa. Idarus alihesabu kwa vidole, akapata Ijumaa ya tarehe saba Novemba.

Sijawahi kumwona mtu akihangaika vile kwa kitu kisichoshikika. Aliwaandikia kuomba ufunguo mpya. Wakaupeleka kwa anwani ya Mutua ya ofisini, iliyokwisha kufa. Aliwaandikia tena, wakamjibu maneno yale yale. Alijaribu kubahatisha zile herufi nne: jina la mama yake Mutua, mwaka wa kuzaliwa, jina la kijiji. Alijaribu kuitoa michezo mmoja mmoja iletwe kwenye disketi, lakini ile mvua kubwa ya mwaka ule ilikuwa imeanza, laini za simu zikikatika kila mara, na katika wiki tatu aliambulia tisa. Bibi wa Ufini aliandika kwenye daftari la wageni, "Idarus, uko wapi? Mbona mlango haufunguliwi?" Alinisomea hayo. Alikonda. Redio za watu zilijaa vumbi mezani, nami nikawa nawaambia wenyewe kwamba fundi ni mgonjwa, na sikuwa nikidanganya.

Katikati ya Oktoba ndipo alipoyakumbuka maneno ya mlangoni. Mwisho nimekuwekea neno lako. Alipiga paji la uso kwa kiganja mpaka nikasikia kutoka uani.

Akaanza kuucheza Kivuko. Aliucheza asubuhi, akaucheza baada ya adhuhuri, akaucheza stima ikiwepo na akaketi mbele ya kioo cheusi stima ikikatika. Vusha watu kumi, rudi, vusha kumi, rudi. Kila mara alibakia mtu mmoja ng'ambo, bibi kizee mwenye mafurushi aliyetembea taratibu, na saa ikafika sufuri kivuko hakijamrudia.

"Ufungue uchungulie," nilimwambia.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nilimtoa daktari kwa jambo hili hili, dada. Miaka minne ya urafiki. Nikichungulia leo, mimi nilikuwa nani siku ile?"

"Ulikuwa mpumbavu siku ile na leo umezidi!" Nilimpigia kelele, wallahi, mpaka Mwanasaumu akaja kuuliza kuna nini. Nilimwambia kwamba watu mia watapotea kwa sababu ya heshima yake. Alilia. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano alilia mbele yangu na mbele ya jirani, na bado hakuchungulia.

Ijumaa ile ya tarehe saba Novemba hakwenda msikitini. Alicheza kutwa. Jumamosi alikwenda mjini kwenye mvua, akarudi amelowa. Nilipomuuliza alisema tu, "Hakipo." Palipokuwa na Kiwanjani pameandikwa mstari mmoja wa Kiingereza kwamba kitu unachokitafuta hakikuonekana. Miaka kumi na mitatu tangu ile kaseti ya kwanza. Alijilaza kwenye kochi na uso wake ukutani. Nilimfunika shuka, nikakaa karibu naye, na nilikuwa na hofu ya kumwacha peke yake.

Jumanne shule ilifungwa kwa mafuriko. Nilimkuta Idarus amekaa tena mbele ya mashine, anacheza, ingawa hapakuwa na la kuokoa. Nilivuta kiti. Sikuwahi kuutazama mchezo wowote hadi mwisho maishani mwangu. Akavusha, akarudi, akavusha. Saa ikaonyesha sita, tano, nne. Bibi kizee yuko ng'ambo na mafurushi yake. Idarus akanyoosha kidole kuanza upya.

"Mbona wamwacha?" nikauliza.

"Saa imekwisha."

"Imekwisha ikafanyaje? Kivuko kimezama?"

"Dada, saa ikifika sufuri mchezo umekwisha. Michezo yote iko hivyo. Naanza upya kabla haijanifunga."

"Mimi sijui michezo. Mrudie yule mama."

Alinitazama kwa hasira, kisha akaondoa kidole. Saa ikafika sufuri. Hapakutokea kitu. Kivuko kikaendelea kwenda, polepole, mpaka ng'ambo. Bibi akapanda na furushi moja, akashuka, akachukua la pili, akapanda. Wakavuka. Saa ile ilikuwa ya kutisha tu. Mtu yeyote asiyejua michezo angeumaliza siku ya kwanza.

Maandishi yakatokea. Nayakumbuka yote:

UMEMRUDIA WA MWISHO. AHSANTE, NDUGU YANGU. NUSU YANGU NI 4KTL. HUKU LIKONI KUNA MANENO YA KUTISHA, NA NYUMBANI KWANGU WAMETIA KARATASI CHINI YA MLANGO. YAKIHARIBIKA NITAKUWA MIRITINI KWA DADA YANGU MWIKALI, DUKA LAKE LIKO PANAPOEGESHA MALORI. NJOO UNICHUKUE.

Idarus alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Tulikwenda hivyo hivyo, mimi na kanga zangu za nyumbani, tukivuka madimbwi. Miritini si mbali. Hilo ndilo lililokuwa likinikata njiani kote. Si mbali.

Duka tulilikuta. Nyuma ya meza, Mutua alikuwa akipima unga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umekauka, na kovu limepanda kutoka kiwikoni hadi begani. Alipotuona aliweka kijiko chini.

"Shikamoo, dada Tima."

"Marahaba," nikasema.

Idarus hakuweza kuvuka kizingiti. Alisema, "Kiwanjani kimefutwa, Mutua. Nimechelewa. Mchezo wako nimeumaliza leo tu."

"Leo." Mutua alilitafuna neno lile. "Nilijua hutachungulia. Nikasema, siku mbili, tatu, atafika mwisho. Namba ya simu iliungua na nyumba, na njiani nilihofia kupita. Kila lori lilipofunga breki nilitoka nje kutazama." Akachukua unga wa mteja, akaukunja kwenye gazeti kwa mkono mmoja na meno. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Umeucheza mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Mia mbili. Zaidi."

"Na Likoni ulikuja mara ngapi?"

Nilitaka kusema kwamba ni mimi niliyefunga mlango. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini mlango niliufunga siku moja, Alhamisi ile, na jioni yake niliufungua.

"Mara moja," alisema Idarus.

Mutua aliitika kwa kichwa. Akatuvutia viti viwili, akamwita Mwikali atutilie chai, akageuka kumhudumia mteja aliyekuwa akingoja.