Mwenzako Asipokuwepo, Msemee

Mimi ni mwoga, na sioni aibu kulisema. Nilizaliwa milimani Iringa, kwenye kijiji ambako gari lilipita mara chache mpaka watoto tukawa tunalikimbilia kulitazama. Nilichagua kufundisha darasa la awali kwa sababu niliona ni kazi isiyoweza kumuua mtu. Halafu nikapangiwa Igawa.

Anayeijua Igawa ataelewa. Barabara kuu ya kwenda Zambia imeupasua mji katikati, na malori hayana siku ya kupumzika. Shule yetu ilikuwa upande mmoja wa lami. Mwaka huo upepo uliezua paa la darasa la awali, nami na watoto wangu arobaini na wawili tukahamishiwa kwenye ukumbi wa kanisa, upande wa pili. Uji ukabaki unapikwa shuleni. Kwa hiyo kila siku, saa nne kasoro, nilivusha watoto arobaini na wawili wa miaka mitano mbele ya malori, na baada ya uji nikawarudisha. Mwalimu mwenzangu alikuwa likizo ya uzazi. Mwalimu mkuu aliniambia, "Utaweza tu, Madam," kwa sauti ya mtu ambaye yeye mwenyewe havuki.

Wiki ya kwanza nilikuwa naota breki.

Darasani, wakati ule, tulikuwa kwenye vina. Wengi wa watoto wangu walitoka nyumba zinazozungumza Kisangu, Kibena au Kihehe, na Kiswahili walikikuta shuleni kama walivyoikuta chaki. Ukianza na herufi kwa watoto wa namna hiyo unawaimbisha tu. Unaanza na sikio. Nilimpa kila mtoto neno lake, na kila neno nikalipa pacha wake, lile linaloishia sawasawa. Jembe na embe. Kuni na sabuni. Kiatu na chatu. Waliopewa maneno pacha walikaa pamoja na kutembea wameshikana mikono. Kila asubuhi, wakiwa kwenye mabenchi mafupi, tulipiga makofi na kila mmoja akasema neno lake kwa zamu, kutoka benchi la mbele mpaka la mwisho. Mtoto akishasikia kwamba kuni na sabuni zinaishia pamoja, siku ukimwandikia "ni" ubaoni anaitazama kama mtu anayemfahamu. Hapo nusu ya kazi imekwisha, na mimi sijawahi kuona raha kubwa kuliko hiyo.

Katikati ya muhula aliletwa mtoto wa kike kutoka Madibira kuja kuishi na bibi yake, aliyekuwa anauza mchele kwenye meza kando ya barabara. Mwezi mzima hakufungua mdomo. Nikimuuliza jina lake, aliangalia viatu vyangu. Nilimpa neno ng'ombe, kwa sababu nilijua kwao wanafuga na kwamba hata kwa lugha ya nyumbani neno hilo halitofautiani sana. Pacha wake alikuwa kikombe, msichana mwenye sauti ya kengele, anayejibu hata maswali ya wenzake. Asubuhi moja Kikombe alisema kikombe, nami nikajiandaa kusema ng'ombe mwenyewe kama kawaida. Ikatoka sauti ndogo kama ya mtu aliye chumba cha pili: "Ng'ombe." Niligeukia ubao, nikajifanya nafuta kitu, maana machozi yalishafika.

Kwa muda mrefu hilo lilikuwa neno lake pekee. Alilisema likifika zamu yake tu, siku zote kwa wakati, bila kukosea.

Vina hivyo hivyo nilivipeleka barabarani. Macho yangu yalitakiwa kwenye malori, kulia na kushoto, na sina jozi nyingine ya macho nyuma ya kichwa. Nikatumia masikio. Nilisimama katikati ya lami na kitambaa chekundu, mgongo nimewapa watoto, na nikaweka sheria: hakuna anayekanyaga lami kabla hajasema neno lake, na akishalisema anakuja moja kwa moja, hasimami. Jembe, embe, wanapita. Kuni, sabuni, wanapita. Maneno yakiisha yote, watoto wameisha wote. Afisa elimu kata alipita siku moja akanirekodi kwa simu, akasema walimu wengine waje wajifunze kwangu. Kichwa kilivimba, nakiri.

Sheria ya pili ilitokana na mavuno. Mpunga ukiiva Madibira, wazazi wanaondoka na watoto wao wiki nzima, na vina vyangu vikawa na mapengo. Neno likikosekana, darasa lote linacheka na zamu inapotea. Nikawaambia: mwenzako asipokuwepo, msemee. Walipenda sana. Waliigiza hadi sauti za wenzao, na wimbo wetu ukarudi kuwa mzima. Sheria mbili ndani ya vichwa vilevile vidogo, na mimi mtu mzima, mwenye cheti changu, sikuwahi kuziweka pamoja nikazitazama.

Siku yenyewe ilikuwa na vumbi. Lori la mchele lilikuwa limeegeshwa upande wa ukumbi, karibu kabisa na mahali petu pa kuvukia. Tulipoanza kuvuka, basi la Mbeya likasimama stendi, chini kidogo upande wa shule, na wachuuzi wakalikimbilia kwa kelele. Mimi nilishika kitambaa changu na kusikiliza. Nilisikia kikombe. Nilisikia ng'ombe. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Maneno yakaisha, nikashusha kitambaa, nikawafuata watoto.

Mpishi akamimina uji. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha plastiki kwenye kapu la shule. Wote walipokwisha kuchukua, kapuni kikabaki kimoja cha njano.

"Nani hajachukua?" nikauliza.

Nikapitisha macho kwenye mistari, nikamwona yule mwenye sauti ya kengele amekaa peke yake, uji umemzunguka mdomo.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Hayupo, Madam."

"Hayupo tangu saa ngapi?"

"Tangu kule barabarani. Kiatu kilimtoka, akaniachia mkono." Akajifuta mdomo kwa kiganja, kisha akaongeza kwa fahari ya mtoto aliyetii: "Nimemsemea."

Nakumbuka niliweka kile kikombe cha njano chini kwa uangalifu mkubwa, kama vile kikivunjika ndipo mambo yataharibika, halafu nikaanza kukimbia.

Sikukimbilia mahali petu pa kuvukia. Kwa macho nilipatazama nikiwa getini: kule ng'ambo lori limeegeshwa, ukumbi umefungwa, hakuna mtoto. Basi ndilo lililoniingia akilini. Mtoto asiyeweza kutaja jina lake, mlango wa basi uko wazi, watu wanasukumana, nani angemuuliza? Stendi wachuuzi wakaniambia basi limekwisha ondoka. Nilimtuma dereva wa bodaboda alifukuze, naye akaondoka bila hata kuniuliza nauli. Nilichungulia mtaro. Nilichungulia chini ya magari yaliyosimama pale stendi, na kila mara nilipoinama nilifumba macho kwanza, kwa sababu niliogopa nitakachokiona.

Bibi yake aliniona nikipita mbio. Akasimama nyuma ya meza yake ya mchele.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Hakuna kitu, bibi," nikamwambia.

Hata shikamoo sikumpa. Nadhani hilo ndilo lililomfanya aache mchele wake na kunifuata.

Nilirudi mpaka mahali petu pa kuvukia, upande wa shule. Niliita jina la mtoto mpaka sauti ikakauka. Malori yalipita, yakaondoka na jina. Ningekuwa na akili ningekumbuka kwamba kwa jina hajawahi kuniitikia hata mara moja. Ndipo likanijia wazo, na Mungu anisamehe, nililifurahia. Nikasema: huyu simwiti kwa jina, huyu namwita kwa kina. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti kuelekea ng'ambo:

"Kikombe!"

Kutoka nyuma ya lile lori lililoegeshwa ikaja sauti ndogo, safi, kwa wakati wake:

"Ng'ombe!"

Akatokeza. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akakanyaga lami, kwa sababu alikuwa ameshasema neno lake.

Muda wote ule alikuwa amesimama palepale. Alivaa kiatu, au alijaribu, akasikia neno lake linasemwa na mtu mwingine, akajua zamu yake imepita. Kwa hiyo akasubiri irudi. Hakuwa amepotea, hakuwa amekosea kitu chochote. Haya yote niliyaelewa mara moja, na wakati nayaelewa nilikuwa natazama lori linaloshuka kutoka upande wa Mbeya.

Nilipiga kelele, "Simama!" Hakusimama. Nilikuwa nimemfundisha asisimame.

Honi ililia, breki zikalia, na mimi nikafunika uso kwa mikono yote miwili. Ningependa kuandika kwamba nilijirusha barabarani. Sikujirusha. Nilisimama pale pembeni kama gogo, nimeziba macho, nasikia matairi yanaburuzwa, nikingoja sauti itakayofuata.

Haikufuata. Nilipofungua macho, lori limesimama upande, moshi unatoka kwenye matairi, na mtoto simwoni. Bibi yake alinipita. Mzee yule wa miguu ya kuvimba alinipita mbio, kanga imemdondoka, akazunguka mbele ya lori. Nilipofika nami, alikuwa amempakata. Mtoto alikuwa mzima. Alikuwa ameshikilia kiatu chake na kuniangalia usoni, kwa mara ya kwanza, kama anayengoja kuambiwa kama amefanya vizuri.

Dereva alishuka kwa kushikilia mlango. Bibi akamrukia kwa Kisangu, maneno mengi, wala hakuhitaji mkalimani. Dereva alikuwa ananitazama mimi.

"We dada," akasema polepole, "ni wewe umemwita huyu mtoto. Nimekuona. Umemwita."

Watu walikuwa wamejaa, kila mtu anamlaumu kwa mwendo wake, na mimi nikawaacha wamlaumu. Bibi alipomaliza naye akanigeukia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mwalimu, kwa kumtafuta mtoto wangu." Nikapokea asante. Nilimwitikia, "Haya, bibi, tumshukuru Mungu," na sikusema lingine, siku ile wala siku nyingine yoyote. Niliogopa malori, lakini bibi huyo na meza yake ya mchele nilikuja kumwogopa zaidi. Mpaka nahama Igawa nilikuwa nazunguka nyuma ya maduka ili nisipite mbele yake.

Sasa nafundisha Mbeya mjini, shule yenye ukuta na geti na mlinzi anayesinzia. Watoto wangu bado wana maneno pacha, na bado wanajifunza kusoma haraka kuliko darasa la jirani. Lakini asiyekuwepo hasemewi. Zamu yake ikifika tunanyamaza wote, mapigo mawili, ndipo tunaendelea. Wageni wakija ukaguzi wanadhani ni mbwembwe zangu. Mimi katika yale mapigo mawili moyo hunienda mbio kila siku, na sijazoea.

Kule Igawa, kesho yake baada ya lile lori, nilileta kamba. Watoto walivuka wameishika, na kila kichwa nilikigusa kwa mkono, mara mbili, kabla na baada. Vina nikavirudisha ukumbini, kwenye mabenchi, mahali pake. Yule mtoto alikuja, bibi yake amemsindikiza mpaka mlangoni. Tukaanza. Jembe, embe. Kuni, sabuni. Kikombe akasema kikombe, kisha kimya. Akanitazama, shavu limejaa neno la mwenzake, nami nikamtikisia kichwa asimsemee. Tukasubiri. Hakuna kitu. Siku ya pili vilevile. Nilijua ninachokisubiri: kujua kama nimempokonya lile neno moja alilokuwa nalo.

Siku ya tatu Kikombe akasema kikombe. Mtoto akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, akakaza vidole, akanyanyua miguu yake yote miwili kutoka sakafuni, kana kwamba ingeondoka yenyewe, na ndipo akasema, "Ng'ombe." Akabaki hivyo, miguu juu, ananiangalia, mpaka nilipomwambia anaweza kuishusha.